Mrushaji wa akiba: mkono wenye kasi, mkataba mrefu, na somo kwa vijana wa Uyui

Klabu za besiboli za Marekani zimeanza kusajili vijana kutoka Afrika Mashariki, na wengi wanaotafutwa ni wale wanaorusha mpira kwa kasi. Mrushaji wa akiba anafanya kazi gani? Analipwa kiasi gani? Na mzazi wa Isikizya, Ilolangulu au Tabora mjini aulize nini kabla ya mwanawe kuweka saini?

Mwaka 2023 klabu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani ilimsajili kijana wa Uganda, David Matoma, mrushaji wa mkono wa kulia aliyezaliwa mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla, Los Angeles Dodgers walikuwa wamewasajili Waganda wengine wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kufikia msimu wa 2025 Matoma alikuwa amepanda hadi timu ya daraja la A ya juu mjini Greensboro, jimbo la North Carolina. Mpira wake umepimwa kwa kasi inayogonga maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Hana kazi ya kuanza mchezo. Ni mrushaji wa akiba: anakaa pembeni, anasubiri kuitwa, na akiitwa anarusha kwa muda mfupi kwa nguvu zake zote.

Kwa wengi wetu hapa Tabora, ambako gumzo la michezo ni timu yetu ya Ligi Kuu na uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini Kampala si mbali, na wasaka vipaji hawaangalii mipaka. Wanachotafuta kinapatikana popote penye watoto wanaorusha mawe kwenye miembe na kugonga embe analolitaka. Kwa hiyo ni vema tukaielewa kazi hii mapema, kabla haijabisha hodi.

Akiba asiye mchezaji wa benchi

Mchezo wa besiboli una zamu tisa. Katika kila zamu, timu moja inapiga na nyingine inalinda, halafu zinabadilishana. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, na kazi yake ni kurusha mpira ambao mpigaji atashindwa kuupiga, au ataupiga vibaya. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149, karibu sawa na chungwa dogo. Ukirushwa kwa kilomita 160 kwa saa, unamfikia mpigaji kwa muda wa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa auone, aamue, na azungushe gongo.

Hakuna mkono unaoweza kazi hiyo zamu zote tisa, siku zote. Timu za MLB, ligi ya juu kabisa, hucheza michezo 162 kwa msimu, karibu kila siku. Kwa hiyo kazi imegawanywa. Kuna warushaji wa kuanza, watano hivi kwa kila timu, ambao hurusha zamu tano au sita kisha hupumzika siku kadhaa. Na kuna warushaji wa akiba, kwa kawaida wanane, ambao huingia mmoja mmoja kumalizia kilichobaki. Mmoja hurusha zamu moja, mipira 15 hadi 20, akatoka. Kesho anaweza kuitwa tena.

Hapa msikilizaji wa mpira wa miguu aangalie neno hili "akiba" kwa makini. Katika soka, mchezaji wa akiba ni yule aliyekosa namba. Katika besiboli, mrushaji wa akiba ana kazi yake maalumu, na mara nyingi ndiye anayepewa dakika ngumu kuliko zote: timu inaongoza kwa pointi moja, wapinzani wamejaa kwenye besi, na uwanja mzima umesimama. Anayemalizia mchezo wa namna hiyo na kulinda ushindi huandikiwa kuwa "ameokoa" mchezo.

Aliyeokoa michezo mingi kuliko wote katika historia ya MLB ni Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi kutoka kijiji cha Puerto Caimito nchini Panama. Alisajiliwa na New York Yankees mwaka 1990, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 1992, akafika ligi ya juu mwaka 1995. Alijaribiwa kama mrushaji wa kuanza, haikumkaa. Alipohamishiwa akiba, akaokoa michezo 652 hadi alipostaafu mwaka 2013. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la besiboli kwa kura zote bila hata moja ya kumpinga.

Jina la Rivera hutajwa kila mara vijana wa nchi maskini wanaposajiliwa. Ni kweli tupu, lakini ni kweli ya mtu mmoja. Ili kuielewa kazi hii inafaa kumwangalia mrushaji ambaye maisha yake yanafanana zaidi na ya wengi.

Njia ya Tayler Scott

Mtu huyo ni Tayler Scott, aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1992. Akiwa kijana alihamia jimbo la Arizona nchini Marekani, na mwaka 2011 Chicago Cubs wakamchagua. Hakufika ligi ya juu mwaka uliofuata, wala miaka mitano baadaye. Alifika Juni 2019, akiwa na Seattle Mariners, akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza MLB. Ilimchukua miaka minane.

Na baada ya kufika hakutulia. Mwaka huohuo wa 2019 alihamia Baltimore Orioles. Kisha akaenda Japani kuichezea Hiroshima Carp. Mwaka 2022 alirudi Marekani na San Diego Padres. Mwaka 2023 peke yake alivaa jezi za timu tatu: Los Angeles Dodgers, Boston Red Sox na Oakland Athletics. Mtu angesema huyu amekwisha. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 32, Houston Astros walimpa nafasi, na akacheza michezo 62 akiruhusu wastani wa mikimbio 2.23 tu kwa kila zamu tisa. Huo ni msimu ambao mrushaji yeyote wa akiba angejivunia.

Kabla yake, Mwafrika Kusini mwenzake Gift Ngoepe alikuwa ameweka historia tarehe 26 Aprili 2017 kwa kuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza MLB. Yeye hakuwa mrushaji. Alikuwa mlinzi wa ndani ya uwanja. Alikulia katika chumba kidogo ndani ya klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi. Alisajiliwa mwaka 2008 na Pittsburgh Pirates, klabu ileile iliyomchukua Matoma miaka 15 baadaye. Yeye naye alisubiri miaka minane na zaidi.

Tofauti ya Matoma na hao wawili ni kubwa. Afrika Kusini ina besiboli ya muda mrefu. Scott alimalizia ujana wake Arizona, akionekana kila siku na wasaka vipaji. Matoma ni kijana aliyekulia Uganda na kusajiliwa akitokea Uganda. Kama atafika ligi ya juu, mlango utakaokuwa umefunguka ni wa kwetu moja kwa moja. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 hakuna Mganda, Mkenya wala Mtanzania aliyekuwa amecheza MLB.

Kwa nini Uganda, na kwa nini warushaji?

Uganda haikuamka asubuhi moja ikakuta wasaka vipaji mlangoni. Kazi ilianzia kwa watoto. Mmarekani mstaafu, Richard Stanley, alijenga viwanja na shule eneo la Mpigi, nje ya Kampala, na walimu wa Kiganda wakaubeba mchezo huo mashuleni. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Uganda ilifuzu kwenda kwenye fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu. Haikwenda. Ilinyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri wa watoto zilikuwa na mapungufu. Mwaka uliofuata timu kutoka Lugazi ilifuzu, ikapata viza, ikaenda, na ikashinda mchezo mmoja dhidi ya timu ya Oregon. Kutoka Lugazi 2012 hadi mikataba ya Dodgers 2022 ni miaka kumi ya kazi ya viwanjani.

Kuhusu warushaji, sababu ni rahisi. Kupiga mpira wa besiboli ni ufundi unaojengwa kwa kukutana na maelfu ya mipira mizuri tangu utotoni, na katika nchi yenye timu chache mpigaji hapati mazoezi hayo. Mrushaji ni tofauti. Kasi ya mkono hupimwa kwa mashine siku moja, na kijana mwenye kasi anaweza kufundishwa mengine baadaye. Ndiyo maana klabu iko tayari kujaribu bahati kwa kijana ambaye hajacheza michezo mingi.

Na kurusha si jambo geni katika ukanda wetu. Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mtandaoni, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72, na mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha ya Olimpiki mjini Rio. Tabora imewahi kuwa mwenyeji wa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na yeyote aliyekaa pembeni ya uwanja wakati wa mashindano ya kurusha anajua kwamba mikono ipo.

Tanzania nayo ina besiboli. Ilianza kushika mizizi kwenye mwaka 2012 kwa msaada wa Wajapani, kupitia shule za sekondari. Kitovu chake ni Dar es Salaam, ambako uwanja wa besiboli ulijengwa katika Shule ya Sekondari Azania, na kuna chama cha taifa, TaBSA. Tulichonacho ni kidogo ukilinganisha na Uganda, lakini si sifuri.

Hesabu ya fedha

Hapa ndipo ndoto nyingi huanzia, na hapa ndipo pa kwenda taratibu.

Mshahara wa chini kabisa kwa mchezaji wa MLB mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000 kwa mwaka, na kwa 2026 ni dola 780,000. Kwa makadirio ya shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ya 2025 ni karibu shilingi bilioni 1.9. Mtu akiisikia kwenye redio anaweza kusimamisha jembe.

Lakini kijana anayesajiliwa haendi MLB. Anaingia kwenye ngazi za chini za klabu, na huko mishahara ni mingine. Mkataba wa pamoja uliosainiwa mwaka 2023, baada ya wachezaji wa ngazi hizo kujiunga na chama cha wachezaji, uliweka viwango vya chini kwa mwaka kuanzia dola 19,800 kwa ngazi ya wanaoanza walioko Marekani, 26,200 kwa daraja la A, 27,300 kwa A ya juu, 30,250 kwa AA na 35,800 kwa AAA. Klabu pia hutoa malazi kwa wachezaji wengi. Dola 19,800 ni zaidi ya shilingi milioni 49, fedha nyingi kwa familia ya Uyui; kwa maisha ya Marekani ni mshahara wa mtu anayehesabu senti.

Kuna jambo jingine ambalo halitangazwi sana. Wengi wanaosajiliwa kutoka nje ya Marekani huanzia katika ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zote zina vituo. Mkataba ule wa pamoja wa 2023 hauwahusu wachezaji wa ligi hiyo. Kwa maneno mengine, mwaka wa kwanza wa kijana, ambao ndio mwaka wa upweke, lugha ngeni na chakula kigeni, ndio ambao kinga yake ni ndogo kuliko yote. Fedha anayoweza kuitegemea hapo ni ada ya kusaini. Wavulana bora wa Dominika na Venezuela hulipwa mamilioni ya dola kwa saini hiyo. Kijana kutoka nchi isiyo na jina katika mchezo huu hana nguvu hiyo mezani.

Sasa tuhesabu nafasi. Klabu za MLB ni 30, na kila moja inaruhusiwa warushaji wasiozidi 13 katika kikosi cha wachezaji 26. Nafasi zote za warushaji ni 390 kwa wakati mmoja, na za akiba ni kama 240. Chini yao kuna timu 120 za ngazi za chini, ukiacha zile za vituo vya mafunzo, na zote zina warushaji wanaozitaka nafasi hizohizo 240.

Hata aliyefika hajafika moja kwa moja. Kanuni zinairuhusu klabu kumshusha na kumpandisha mchezaji kijana hadi mara tano katika msimu mmoja. Warushaji wa akiba ndio wanaosafiri zaidi kwa mtindo huu, kwa kuwa leo mkono wake umechoka, kesho anahitajika mwenye mkono mbichi. Akiwa juu, siku moja ina thamani ya takriban dola 4,000. Akishushwa anarudi kwenye mshahara mdogo. Tofauti ya maisha yake mwaka ule inaweza kuwa ni siku alizokaa juu.

Mkulima wa tumbaku anaujua mkataba huu

Mtu wa Uyui hahitaji kuambiwa mkataba wa muda mrefu ni nini. Mkulima wa tumbaku anachukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, analima msimu mzima, anakausha, kisha anapeleka mtumba sokoni. Pale sokoni mwingine ndiye anayesema jani hili ni daraja gani. Jasho ni la mkulima, mizani ni ya mnunuzi.

Mkataba wa kijana wa besiboli una sura hiyo. Akisaini akiwa mdogo, klabu inaweza kumshikilia kwa misimu saba katika ngazi za chini. Wanaosaini wakiwa na miaka 19 au zaidi, misimu sita. Katika muda huo hawezi kuondoka kwenda klabu nyingine kwa hiari yake, lakini klabu inaweza kumwachia siku yoyote. Klabu ndiyo inayosema uko daraja gani.

Tukirudi nyuma zaidi, mkoa huu una historia ndefu ya watu kusafiri wakiuza nguvu ya bega. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, walibeba karibu kilo 30 kila mmoja kwa safari ya miezi. Mara nyingi huzungumziwa kama watu waliobebeshwa tu. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao. Kabla ya safari walijadiliana: mzigo una uzito gani, posho ni kiasi gani, malipo ni yapi, mwisho wa safari ni wapi. Walipoona wanapunjwa waligoma, au waliutua mzigo wakaondoka.

Maswali hayo manne bado yanatosha kwa mzazi anayeletewa karatasi ya kusaini leo. Mzigo: mtoto atarusha kiasi gani, na nani anahesabu? Posho: atalala wapi, atakula nini, nani atalipa nauli ya kurudi akiachwa? Malipo: ada ya kusaini ni kiasi gani, na nani mwingine anakatwa fungu humo? Mwisho wa safari: mkataba ni wa miaka mingapi, na akirudi akiwa na miaka 22 atakuwa na elimu gani mkononi?

Kiwiko ndicho mtaji

Mzigo wa mrushaji hauonekani kwa macho, kwa sababu mpira ni mwepesi. Uzito uko katika kiwiko. Kila mpira unaorushwa kwa kasi kubwa huvuta kano ndogo iliyo upande wa ndani wa kiwiko, na kano hiyo ikikatika, mrushaji hana kazi. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kupandikiza kano nyingine mahali pake, na tangu hapo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Kurudi uwanjani huchukua mwaka mmoja na zaidi, na si wote wanaorudi walivyokuwa.

Ripoti iliyotolewa na MLB Desemba 2024 ilihusisha kuongezeka kwa majeraha na mambo kadhaa, yakiwemo haya mawili: kutafuta kasi zaidi na zaidi, na kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Ukiyatazama mambo hayo mawili, ndiyo hasa maelezo ya kazi ya mrushaji wa akiba. Kinachomfanya asajiliwe ndicho kinachoweza kumwondoa.

Kwa kijana wa kwetu hatari inaanza hata kabla ya Marekani. Akijua kwamba anapimwa kwa kasi, atarusha kila siku ili aongeze kasi. Miongozo ya MLB na shirikisho la besiboli la Marekani inasema kijana wa miaka 15 hadi 16 asizidishe mipira 95 kwa siku, na wa miaka 17 hadi 18 asizidishe 105. Na akikaribia idadi hiyo apumzike siku nne kamili. Mwalimu wa michezo anayehesabu mipira kwa kalamu na daftari anafanya kazi kubwa kuliko anayeshangilia kasi.

Cheti cha kuzaliwa kabla ya glovu

Jambo la mwisho halina mvuto, lakini limeshawahi kuzuia ndege kuruka. Watoto wa Uganda wa mwaka 2011 hawakushindwa uwanjani. Waliangushwa na karatasi. Na upande wa pili kuna udanganyifu wa makusudi. Januari 2012 mrushaji wa Cleveland aliyejulikana kama Fausto Carmona alikamatwa katika Jamhuri ya Dominika. Jina lake halisi lilikuwa Roberto Hernández, na alikuwa na miaka mitatu zaidi ya ile iliyoandikwa. Alikuwa ametumia utambulisho wa mtu mwingine kwa sababu klabu humlipa zaidi mwenye miaka 17 kuliko mwenye miaka 20.

Shinikizo hilo litafika na huku. Wakala asiye mwaminifu atasema punguza miaka miwili. Anayekubali anaweka maisha yake yote ya kazi juu ya karatasi inayoweza kuchanika siku yoyote. Ulinzi rahisi ni mtoto kusajiliwa RITA mapema, tarehe moja kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni na kliniki. Na kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na klabu za MLB zinaweza kusajili kuanzia miaka 16, mzazi au mlezi ni sehemu ya saini hiyo. Asikubali kuwa muhuri tu. Aombe nakala ya mkataba, aisomeshe kwa mwanasheria, na aulize TaBSA na Baraza la Michezo la Taifa kama huyo aliyekuja wanamtambua.

Nini kinafuata?

Kuna mambo mawili ya kuyatazama kwenye kalenda. Besiboli inarudi katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, jambo litakaloongeza fedha na macho barani Afrika. Kabla ya hapo, Olimpiki ya vijana ya Dakar mwaka 2026 ina besiboli ya watu watano kila upande. Huo ni mchezo usiohitaji gongo wala glovu: mpira wa raba unapigwa kwa mkono, kwenye uwanja mdogo, na shule yoyote ya Uyui inaweza kuuanza wiki ijayo.

Ila tusichanganye mambo. Katika mchezo huo wa watano hakuna mrushaji. Mpigaji hujirushia mwenyewe. Utafundisha kukimbia besi, kudaka, kufikiri haraka na kucheza kwa pamoja wavulana na wasichana, na hayo yana faida yake hata kama hakuna anayesajiliwa popote. Hautatoa Matoma wa Tabora. Kwa huyo panahitajika mwalimu aliyefunzwa, glovu, uwanja, na timu za kucheza nazo, kama Uganda walivyofanya kwa miaka kumi kabla ya saini ya kwanza.

Hivyo swali kwa mkoa huu halipaswi kuwa ni lini wasaka vipaji watakuja. Wakija leo watapima kasi ya mkono, watachukua mmoja na kuondoka. Swali ni kama kijana huyo atawakuta akiwa na cheti chenye tarehe ya kweli, kiwiko ambacho hakijachoshwa, kidato cha nne kilichomalizika, na mzazi anayejua kusoma mkataba. Akiwa na hivyo vinne, hata akiachwa baada ya misimu miwili anarudi Isikizya akiwa mtu mwenye njia nyingine. Akivikosa, kitu pekee alichonacho cha kuuza ni bega, na bei yake itapangwa na mnunuzi.